Kutoka Kuhesabu Mbega wa Tana hadi Kitabu cha Picha

Jumatatu ya tarehe 27 Desemba 2004, siku moja baada ya tsunami kuivuka Bahari Hindi na kuigusa pwani yetu, ufuo wa Malindi ulijaa watu wanaotazama upande mmoja. Juu ya mwamba, mbali kidogo na nchi kavu, alikuwa amekwama kiboko mchanga. Kabla ya hapo, mvua kubwa zilikuwa zimelisukuma kundi la viboko kutoka Mto Sabaki hadi baharini, karibu kabisa na mji, na wakazi walikuwa wamejaribu bila mafanikio kuwarudisha mtoni. Bahari ilipochafuka wote walitoweka, akabaki huyo mmoja mwenye uzito wa takriban kilo 270, amechoka na ana hasira.

Ilichukua kutwa kumtoa. Wavuvi, wageni na maofisa wa wanyamapori waliingia majini na nyavu na kamba. Zikakatika, zikatafutwa nyingine ngumu zaidi. Mwishowe kijana mmoja aliyeitwa Owen Sobien alimrukia na kumng'ang'ania mpaka wenzake wakamfunga, na hivyo kiboko akarithi jina la Owen. Simu ilikuwa imekwisha kupigwa Bamburi, Mombasa, kwenye hifadhi ya Haller Park, ile iliyopandwa miti juu ya machimbo ya kiwanda cha saruji. Meneja wake, Dkt. Paula Kahumbu, alifunga safari ya kwenda Malindi pamoja na Stephen Tuei, mkuu wa watunza wanyama, wakamchukua.

Kilichofuata wengi wanakijua. Usiku walimfungulia Owen katika boma lenye bwawa na wanyama wengine, mmojawapo akiwa kobe mkubwa wa asili ya visiwa vya Aldabra, mwenye umri uliokadiriwa kuwa miaka 130, jina lake Mzee. Owen alikimbia moja kwa moja na kujibanza nyuma ya gamba lake, kama mtoto anavyojificha nyuma ya mama. Mzee hakupendezwa. Alifoka, akaondoka polepole. Owen akamfuata. Akaondoka tena, akafuatwa tena, na kulipokucha watunzaji waliwakuta wamelala pamoja.

Mwaka 2006 hadithi hiyo ilitoka kama kitabu cha picha cha watoto, Owen & Mzee, kwa shirika la Scholastic la Marekani, na jina la Paula Kahumbu likiwa jaladani miongoni mwa waandishi. Kikaingia katika orodha ya gazeti la New York Times ya vitabu vinavyouzwa sana. Mwaka uliofuata kikaja cha pili, na 2008 cha tatu, Looking for Miza, kuhusu mtoto wa sokwe wa milima ya Virunga, mashariki mwa Kongo, aliyepotelewa na mama. Kahumbu hakuwa mwalimu wa chekechea, wala mshairi, wala mhariri. Alikuwa mwanaikolojia, na safari ya kuingia katika kazi ile ilikuwa imepita katika misitu ya Mto Tana.

Yeye mwenyewe amewahi kusimulia jinsi mlango ulivyofunguka. Akiwa mtoto mjini Nairobi, yeye na nduguze walikuwa wakihangaika na mnyama wasiyemjua juu ya mti, na jirani akawakuta. Jirani huyo alikuwa Richard Leakey. Aliwaambia kwamba yule ni perere, akawaeleza habari zake. Mtu mzima akasimama njiani, akajibu swali la mtoto kwa ukweli na kwa uzito uleule ambao angempa mtu mzima mwenzake. Baadaye Kahumbu alisoma Bristol, kisha Florida, na mwaka 2002 akapata shahada ya uzamivu Princeton kwa utafiti wa ndovu wa Shimba Hills. Leakey alipoongoza idara ya wanyamapori, binti yule wa perere alikuwa miongoni mwa waliopima pembe kabla ya tani 12 kuteketezwa mwezi Julai 1989, moto uliowashwa na Rais Moi.

Katikati ya safari hiyo ipo Tana. Mwezi Machi 1993, yeye na Glyn Davies walifanya sensa ya nyani na tumbili katika Hifadhi ya Mto Tana, na ripoti yao ikatoka katika jarida la East African Natural History Society. Hifadhi hiyo, yenye kilomita za mraba 169, ilitangazwa mwaka 1976 kwa ajili ya viumbe wawili wasiopatikana mahali pengine popote duniani: mbega mwekundu wa Tana na mangabi wa Tana. Wanaishi katika vipande vya msitu vilivyosambaa kandokando ya mto kwa kiasi cha kilomita 60. Ukitoka kipande kimoja unakutana na jua, vumbi, mashamba ya migomba na maembe, kisha kipande kingine.

Kuhesabu wanyama hao ni kazi ya shingo na subira. Unaingia alfajiri, unatembea taratibu, unasimama chini ya mkuyu na kusikiliza majani. Mbega yuko juu, amekaa kimya akitafuna, mkia unaning'inia. Mangabi huenda umemkosa juu kwa sababu yuko chini, anapekua matunda ya mkindu yaliyoanguka. Unahesabu kundi, unaandika dume, jike, mtoto. Usipokuwa na hakika, huandiki. Unarudi siku ya pili kwa sababu wale wawili uliowaona nyuma ya tawi huenda ndio walewale.

Na kule Tana hesabu haiishii kwenye matawi. Msitu ule unaishi kwa mafuriko na kwa kuhamahama kwa mto, na juu huko mabwawa yamejengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji yakizuiwa juu, mimea ya chini hubadilika. Halafu kuna Wapokomo, ambao ndio wenyeji wa kingo, wanaolima udongo uleule, wanaochonga mitumbwi kwa miti ileile na kusuka mikeka kwa mikindu ileile anayoila mangabi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Malindi, kufuatia kesi ya wakazi, iliamua kwamba hifadhi haikuanzishwa kwa kufuata sheria. Mtu aliyefanya utafiti mahali kama pale anajifunza mapema kwamba habari ya mnyama haielezeki bila habari ya watu, na kwamba hakuna upande wa hadithi ulio mwepesi.

Ndiyo maana naona si ajabu kwamba, kiboko alipoletwa, meneja wa Haller Park hakuridhika na kumlisha tu. Aliandika yaliyokuwa yakitokea siku baada ya siku. Mwanahabari Peter Greste, ambaye miaka kadhaa baadaye dunia ingelijua jina lake alipofungwa gerezani Misri, alipiga picha. Mojawapo ilichapishwa magazetini huko Marekani, na msichana wa miaka 6, Isabella Hatkoff, akaiona na kumwuliza baba yake. Baba, Craig Hatkoff, kazi yake ilikuwa fedha za majengo, na alikuwa mmoja wa waanzilishi wa tamasha la filamu la Tribeca. Walimtafuta Kahumbu. Mwaka 2005 wakatoa kitabu cha kwanza kwa njia ya kompyuta, bure, kabla ya kile cha karatasi.

Jaladani basi pana mtoto wa shule, mtu wa fedha na mwanaikolojia, na mpiga picha wao ni ripota wa vita. Hakuna hata mmoja ambaye angejitambulisha kwa kazi ya kuandikia watoto.

Nakishika kitabu hicho na kutafuta alama ya mkono wa mwanasayansi, nami naiona kila mahali. Picha inaonyesha Owen ameulaza uso wake juu ya gamba la Mzee. Mwandishi wa kawaida angejaza ukurasa kwa maneno ya mapenzi, akaweka mazungumzo vinywani mwa wanyama. Hapa maneno ni machache, na yanasema yaliyoonekana: Owen alianza kula baada ya Mzee kula, waliogelea pamoja, Mzee alinyoosha shingo Owen amguse. Kwa nini kiboko alimchagua kobe? Kitabu hakijifanyi kujua. Kinakiri kwamba sayansi haina jibu kwa kila kitu, kisha kinaendelea. Kurasa za mwisho zinaeleza viboko, makobe, tsunami na Haller Park kwa lugha nyoofu, ili mtoto aliyeguswa na hadithi apate pa kwenda na maswali yake. Huo ni ukarimu uleule wa jirani aliyesimama chini ya mti wa perere.

Hili ndilo jambo ninalotaka watu wa Tana walisikie. Tumezoea kudhani kwamba mwandishi wa watoto ni mtu mwenye sauti tamu na mawazo mepesi. Kitabu cha picha kizuri kinahitaji mtu aliyetazama kitu kimoja kwa muda mrefu, kiasi kwamba anajua kipi cha kuacha. Kazi nyingine inaweza kumpa mtu hilo, pengine kuliko darasa la fasihi. Lupita Nyong'o aliingia kutoka filamu, na kitabu chake Sulwe cha mwaka 2019 kinajua uso wa mtoto anayejichukia rangi yake, kwa sababu mwandishi alikuwa mtoto huyo na baadaye akawa mtu ambaye kazi yake ni kutazamwa.

Tukikaa kimya, wengine watatuandikia. Wangari Maathai alipopata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, haikupita miaka mingi vikatoka huko Marekani vitabu vya picha juu ya maisha yake: cha Jeanette Winter na cha Claire Nivola mwaka 2008, kisha Mama Miti cha Donna Jo Napoli mwaka 2010. Ni vitabu vizuri, na vimefanya mema. Lakini mama huyo alikuwa wa kwetu, miche ilipandwa kwetu, na watoto waliokuwa wa kwanza kumwona katika kurasa za rangi walikuwa wa mbali.

Sasa tuje Garsen. Mji wenyewe ni njia panda: barabara ya kutoka Malindi inafika hapo na kugawanyika, moja ikishika Lamu, nyingine Hola na Garissa. Msimu wa maembe, yanapangwa kando ya lami mafungu kwa mafungu. Ng'ombe wa Waorma wanavuka, lori linasubiri. Ukishuka kuelekea delta unakuta vijiji vya Wapokomo, maziwa ya kambare na kamongo, mashamba ya mpunga, na mbele kabisa Kipini, mto unapoingia baharini. Mtoto wa hapa akifungua kitabu shuleni anakuta simba wa savana, twiga, pengine theluji. Mbega mwekundu, ambaye dunia nzima inamhesabu miongoni mwa tumbili walio hatarini zaidi, yuko mwendo wa nusu siku kutoka kwake, na hamjui kwa picha.

Wala si kwamba Tana haina cha kuwapa watoto. Wimbo wa taifa la Kenya ulitoka huku. Mwaka 1963, kamati iliyokuwa na akina Graham Hyslop na Thomas Kalume ilipotafuta lahani, iliichukua kutoka wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, ulioimbwa na Mzee Meza Moroa Galana. Kila Ijumaa bendera inapopandishwa shuleni, nchi nzima inasimama wima kwa sauti ya mama wa Tana akimtuliza mwanawe. Nipeni nchi nyingine yenye habari kama hiyo. Kitabu chake cha picha kingejiandika: upande mmoja kibanda, mto na mtoto anayelia, ukifunua, uwanja umejaa askari na bendera.

Na Ngadzi, ngoma takatifu ya Wapokomo, iliyotwaliwa na maofisa wa Kiingereza na kuwekwa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, tangu 1908. Wazee wameiomba irudi. Mtoto wa kijiji cha Ngao hawezi kwenda London kuitazama, ila anaweza kuonyeshwa ilivyo kubwa akichorwa mwanadamu kando yake. Fumo Liyongo naye, shujaa wa upinde na ngoma ya gungu, makazi yake katika masimulizi ni Shaka na Ozi, papo hapo penye mdomo wa Tana. Wasomi wa chuo kikuu wamemwandikia mengi. Watoto wa Ozi wanastahili Liyongo wao wa rangi, anayepita katika mikoko wanayoijua.

Nani aandike? Nawatazama watu walioko Garsen, Hola, Minjila, Idsowe, ambao kazi zao zimewafundisha kutazama. Mkunga aliyevushwa kwa mtumbwi usiku wa mafuriko. Nahodha anayejua mamba analala ukingo gani mwezi gani. Askari wa msitu aliyestaafu, anayeweza kutofautisha mlio wa mbega mwenye hofu na wa mbega mwenye njaa. Mchungaji wa Kiorma anayemtaja kila ng'ombe kwa rangi na tabia za nyanya yake. Karani wa kambi ya waliohamishwa na maji mwaka 2018, na tena 2023, na tena 2024, aliyeandika majina ya watoto na kuona kila mmoja ameokoa kitu gani. Huyu karani, kwa maoni yangu, tayari ana kitabu: kila ufunuo ni mtoto mmoja na kitu alichobeba.

Kazi yenyewe ina kanuni zake, na ni vizuri kuzijua mapema. Kitabu cha picha huwa na kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya kiwandani ikikunjwa hutoa kurasa 16, na mbili zikaunganishwa. Maneno mara nyingi hayafiki 1,000, na mengi yana chini ya 500. Anayetoka katika kazi ya ripoti hupata shida hapo: anataka kueleza kwamba mto ulikuwa mwekundu, na nyumba ilikuwa ya makuti, na jua lilikuwa kali. Yote hayo ni mali ya mchoraji. Mwandishi abaki na kile ambacho picha haiwezi kusema: jina, sauti, harufu, kinachoogopwa, kitakachotokea ukurasa ukifunuliwa. Halafu asome kwa sauti mbele ya watoto wasio wake. Wakianza kuchezea vidole, sentensi ile itoke.

Kuchapisha ni mlima mwingine. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya kiada vinavyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, na rangi ni ghali, na duka la vitabu katika kaunti kama Tana River ni adimu. Sioni haja ya kumdanganya mtu kwamba atapata riziki. Lakini njia ya bure ipo. African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini ulioanza kazi mtandaoni mwaka 2014, unamruhusu yeyote kuandika hadithi fupi, kutumia michoro iliyopo au kuweka yake, na kuitafsiri kwa lugha yoyote ya Afrika. Mwalimu anaichapa kwa printa ya shule au anaionyesha kwenye simu. Waandishi wake wengi ni walimu na wakutubi, watu wenye kazi nyingine mchana.

Lugha ndiyo inayonisukuma zaidi. Mtaala wa umilisi unaelekeza kwamba mtoto hadi Gredi ya 3 afundishwe kwa lugha ya eneo la shule. Mjini Garsen, lugha ya eneo ni ipi? Darasa moja lina mtoto wa Kipokomo, wa Kiorma, wa Kiwardei, wa Kigiriama. Kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, watu zaidi ya 100 waliuawa katika delta, wakulima kwa wafugaji, kwa sababu ya malisho, maji, ardhi na siasa iliyochochea vyote. Watoto waliozaliwa wakati ule wamekua sasa. Wadogo zao wako Gredi ya 1 na ya 2, kwenye dawati moja.

Kwa hiyo kitabu cha kwanza ambacho ningetaka kitoke Garsen kiandikwe na wawili: mtu wa jembe na mtu wa mifugo, kila mmoja na ukingo wake wa mto. Hadithi iwe moja, mfano ng'ombe aliyezama kwenye tope la kiangazi na mtumbwi uliokuja kumtoa. Maneno ya Kipokomo yakae kurasa za kushoto na ya Kiorma za kulia, yasiwe tafsiri ya neno kwa neno bali kila upande useme kile ambacho mwenzake hakukiona kutoka ng'ambo. Mtoto asiyejua lugha ya pili, akitaka kujua nusu iliyobaki, itabidi amsukume kiwiko jirani yake na kumwambia amsomee.